Kwaheri Celica

Naam, mmesikia sawa. Celica imeondoka. Haikuibiwa wala haikugongwa. Nimeibadilisha mwenyewe kwa hiari yangu, na juu yake nikaongeza shilingi milioni mbili na nusu, nikapewa Suzuki Escudo ya kijivu, namba C, iliyochubuka bampa ya mbele na inayonuka mbwa, ingawa mwenye nayo aliapa hajawahi kufuga mbwa.

Tangu Jumatatu pale ofisini hawana utani mwingine. Mmoja ananiita mzee wa ukoo. Mwingine ameniuliza nitaanza lini kuvaa kandambili na soksi. Sawa, wacheke. Miezi sita iliyopita na mimi ningecheka. Ila kuna wanaodhani kwamba mke wangu ndiye aliyenilazimisha, na hapo lazima niseme kitu. Mke wangu hakusema neno hata moja. Hilo ndilo lililoniuma.

Ngoja nianze mwanzo.

Celica niliinunua mwaka wa pili baada ya kumaliza chuo. Mshahara wa mwandishi wa habari mnaufahamu, na kama hamuufahamu, heri yenu. Nilikopa SACCOS, nikauza pikipiki, nikamalizia na malipo ya kutafsiri ripoti moja ndefu iliyoninyima usingizi mwezi mzima. Nikapata Celica ya toleo la saba, lile lililoanza kutoka mwaka 1999. Milango miwili. Taa za mbele zimechongoka kama macho ya paka aliyekasirika. Gia sita za mkono. Ukikanyaga mafuta mpaka injini ipite mizunguko elfu sita kwa dakika, sauti inabadilika kabisa, kama vile gari limekumbuka kitu. Nilikuwa naizungusha pale Mnara wa Saa mara mbili hata kama sina safari ya kuzunguka. Vijana wa bodaboda walikuwa wananipigia saluti. Mtu wa miaka ishirini na mitano anahitaji nini zaidi?

Na nilikuwa na hoja. Aliyeniambia gari lile si la huku kwetu, nilimpa somo la historia. Nilimwambia kuwa mashindano ya Safari Rally yalipoanza mwaka 1953, yakiitwa Coronation Safari, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye tope na vumbi. Kisha nilimwambia kuwa Björn Waldegård alishinda Safari mwaka 1984 akiwa na Celica. Juha Kankkunen akashinda 1985 na Celica. Waldegård tena 1986, na tena 1990. Ikaendelea 1992, 1993, 1994 na 1995. Mara nane! Mimi nilikuwa hata sijazaliwa, lakini nilizisema tarehe hizo kama mtu aliyekuwa pembeni ya barabara akipunga mkono. Nani angebisha?

Mwezi Februari tukapata mtoto. Msichana.

Kwa desturi yetu Wachagga, binti wa kwanza huchukua jina la bibi yake mzaa baba, yaani mama yangu. Mama mwenyewe ndiye aliyesema jina liende kwa bibi yangu wa Marangu, kwa sababu bibi ndiye aliyenilea hadi nikamaliza darasa la saba. Kwa hiyo binti yangu ni wajina wa bibi. Tulipompigia simu kumwambia, bibi alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani salio limekwisha. Halafu akauliza jambo moja tu: "Mnamleta lini?"

Sheria ya kazi inampa baba siku tatu za likizo mkewe akijifungua. Siku tatu! Kufikia ya nne nilikuwa mahakamani naandika habari ya kesi ya shamba, macho mekundu, shati limegeuzwa ndani nje. Mama anapata siku 84, na bibi alikuwa na mpango kamili na hizo siku. Kwetu mzazi halali uzazi kwa mchezo. Zamani ilikuwa miezi mitatu mizima: hashiki jembe, hachoti maji, kazi yake ni kula mtori na kunyonyesha. Bibi alikuwa amekwisha kutenga migomba ya mshare kwa ajili ya mtori huo. Alitaka mke wangu na mtoto wapande mlimani, awahudumie kwa mikono yake wakati mikono ingali na nguvu.

Sasa rudi kwenye Celica. Jaribu kumwingiza mtoto mchanga kwenye gari la milango miwili. Unakunja kiti cha mbele, unajikunja wewe mwenyewe, kichwa ndani na makalio barabarani, unapapasa mkanda wa kiti cha mtoto kinachotakiwa kutazama nyuma. Nilipokifunga, kiti cha mbele ikabidi kisogezwe hadi mke wangu magoti yakagusa dashibodi. Huyu ni mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji. Nilimwuliza kama yuko sawa. Akasema, "Niko sawa, Baba." Ndiyo, siku hizi naitwa Baba.

Kiti hicho, nawaambia, sikukinunua kwa kujionyesha. Naandika habari za ajali. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 kuliko ugonjwa wowote, na mimi baadhi ya hao nimewaona wamelazwa kwenye majani. Kwa hiyo kiti kilikuwa lazima. Ila sikuwa tayari kukiri kwamba kiti kilikuwa kimepata gari lisilo lake.

Tulipanda katikati ya Aprili, mtoto akiwa na wiki tisa. Anayeijua milima yetu ameshaanza kutikisa kichwa. Aprili ni masika. Moshi mjini unaweza kuona manyunyu na jua likitoka, lakini kule juu mvua inakaa siku tatu bila kuomba ruhusa. Kutoka Moshi hadi Himo ni lami. Kutoka Himo hadi Marangu Mtoni ni lami. Celica ilipanda pale kama mshale, na mimi nikawa najisifu kimoyomoyo. Kisha unaiacha lami na kuanza kupanda kwa bibi.

Udongo wetu ni wa volkano, mwekundu, laini. Ndio unaotupa kahawa na ndizi. Ukilowa unakuwa kama sabuni iliyosahaulika kwenye beseni. Njia yenyewe ni nyembamba, huku kuna kihamba cha huyu na huku cha yule, masale yamepandwa mpakani, na kona ya kwanza tu kuna mfongo, yaani mfereji wa wazee, unaokatiza barabara. Nilikuja kwa kasi kidogo ili nisikwame. Tairi za mbele zikavuka. Tumbo la gari halikuvuka. Nikasikia kishindo chini ya miguu, kisha tairi zikaanza kuzunguka bure na kututupia tope kwenye vioo. Gari zima lilikuwa limekalia tumbo kama bata.

Walikuja vijana sita. Wakalisukuma kurudi nyuma hadi lamini, nikawapa hela ya soda, wakapiga picha za kumbukumbu. Nililiacha chini ya upenu wa duka moja, mwenye duka akaahidi kulitazama. Mizigo ikapanda kwa bodaboda. Mke wangu alikataa kupanda bodaboda na mtoto kwenye utelezi ule, na alikuwa na haki. Akamfunga mtoto mgongoni, akavua viatu, akapanda kwa miguu. Nusu saa ya mlima, mshono wake hauna miezi mitatu. Mimi nyuma na mwavuli. Hakulalamika. Hakusema "si nilikwambia", kwa sababu hakuwahi kuniambia. Nilitamani aseme, ili nijitetee na habari za Waldegård.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, shuka begani. Alimpokea wajina wake, akamtazama usoni, akamtemea mate kidogo ya baraka kifuani kama wazee wanavyofanya. Kisha akatazama miguu ya mke wangu iliyojaa tope. Akaniuliza, "Gari liko wapi?"

Nikamweleza. Milango miwili, liko chini, halipandi.

"Milango miwili?" akasema. "Na ndugu zako wanaingilia wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Siku mbili zikapita vizuri. Mtori, maziwa, moto jikoni, mvua juu ya bati. Usiku wa tatu, kama saa nane hivi, mke wangu akaniamsha. "Mguse mtoto." Nikamgusa. Alikuwa anachoma. Alikuwa amekataa kunyonya tangu saa nne na alikuwa analia kilio kidogo kidogo, kama paka aliye mbali. Jambo nililojifunza baadaye, na ninaliandika hapa kwa ajili ya kila mzazi mpya: homa ya mtoto wa chini ya miezi mitatu haisubiri asubuhi. Si ya panadol, si ya kumkanda kwa maji ukatazamia. Ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Mimi sikuyajua hayo kwa kichwa, nilijua tu kwa tumbo.

Nikapiga simu za bodaboda. Wa kwanza hakupokea. Wa pili akasema, "Kaka, kwa mvua hii nitawaua." Nikasimama uani kwenye giza, simu mkononi, maji yananitiririka shingoni. Nina gari. Nimelilipia kwa miaka miwili. Limeoshwa, lina mafuta nusu tenki, na liko nusu saa ya utelezi chini yangu, limelala chini ya upenu wa mtu.

Ni bibi aliyetoka na tochi. Hakuniambia kitu. Alipita kwenye migomba hadi kwa jirani, mzee mmoja wa rika la marehemu babu, akagonga dirisha kwa fimbo.

Mzee yule ana Land Rover 109 aliyoinunua enzi hizo ambazo kahawa ilikuwa inanunua Land Rover. Milango haifungi sawasawa. Kioo cha upande ni cha plastiki. Lakini iliwaka kwa mara ya pili, na mzee akavuta vijiti fulani pale sakafuni, akaingiza gia ndogo kabisa, akaiachia ishuke yenyewe, polepole, bila kugusa breki, kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani. Mke wangu na mtoto mbele. Mimi na bibi nyuma, tumeshikilia vyuma. Ndiyo, bibi alipanda. Nani angemzuia?

Tulipofika lamini taa za Land Rover zilimulika lile duka. Celica ilikuwa pale inang'aa kwa mvua. Nafikiri sote tuliiona. Mzee hakupunguza hata mwendo.

Safari ile hadi Moshi ilichukua zaidi ya saa nzima, na sitaieleza. Hospitali walimpokea mara moja. Ilikuwa maambukizi, wakamwanzishia dawa za sindano, tukakaa siku nne. Siku ya pili usiku akanyonya. Muuguzi mmoja mtu mzima akaniambia, "Mmewahi." Neno moja tu hilo. Nilitoka nje kwenye korido nikalia, mimi ninayejifanya sugu kwenye maeneo ya ajali.

Mzee wa Land Rover alisubiri hadi asubuhi. Nilimnunulia chai na chapati nje ya geti. Kwa kuwa sikujua niseme nini, nikaropoka kwamba gari langu ni Celica, lile lililoshinda Safari. Mzee akacheka hadi chai ikamwagika. Kumbe nilikuwa namwambia mtu ambaye katika ujana wake alikesha barabarani kuyasubiri magari yale. Alimkumbuka Bert Shankland, yule mkazi wa Dar es Salaam aliyeshinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404.

"Kijana," akaniambia, "magari yale yaliinuliwa juu. Yakafungwa mabati ya kukinga tumbo. Hizo Celica zako za mwisho zilivuta kwa miguu yote minne, na juu kulikuwa na helikopta ya kuwaambia mbele kuna ng'ombe. Wewe una helikopta?"

Sina. Celica yangu ilikuwa inavuta kwa miguu ya mbele tu, na tumbo lake halikufika shubiri moja kutoka ardhini. Miaka yote ile nilikuwa najivunia ushindi wa gari jingine lenye jina hilo hilo.

Wiki iliyofuata nikamtafuta dalali. Mwenye Escudo alikuwa kijana wa rika langu, anaongoza wageni mlimani. Amechoka na kupanda na kushuka, sasa anataka kitu cha kumfurahisha akiwa mjini. Tulikutana gereji. Fundi wangu akaingia chini ya Escudo na tochi, akagonga chesisi kwa spana kutafuta kutu, akaingiza na kutoa ile fowili mara kumi. Tukalinganisha namba ya injini na ya chesisi na zile za kwenye kadi. Tukaangalia mtandaoni kama kuna faini za trafiki. Kuna mbili, akalipa pale pale kwa simu. Mkataba kwa wakili, kisha TRA kubadili majina. Wewe unayenunua gari mkononi mwa mtu, usiruke hata hatua moja katika hizo.

Fundi alinipa na somo ambalo nawapa bure. Escudo ya aina hii usitembee na fowili kwenye lami kavu, utaumiza mfumo wake, maana tairi za mbele na za nyuma zinafungwa kuzunguka pamoja, na kwenye kona zinapingana. Fowili ni ya tope na utelezi. Gia ndogo ni ya kupanda na hasa ya kushuka, iache injini ishike, mguu usikae kwenye breki. Na jambo la mwisho: gari refu linapinduka kwa urahisi kuliko lile fupi, kwa hiyo usiingie kona kama ulivyokuwa unaingia na Celica. Nikamwambia nimesikia. Akaniambia, "Wote husema wamesikia."

Nilipomkabidhi yule kijana ufunguo, nikamwuliza, "Una mtoto?"

"Bado, kaka."

"Basi ifaidi."

Akaiwasha. Nilisikia injini ikipita ile elfu sita pale karibu na kona, na nikuambieni ukweli, kitu kilinikata moyoni. Wanaosema eti ukipata mtoto hamu ya mambo hayo inakwisha, wanadanganya. Haikwishi. Escudo ni nzito, inakunywa mafuta, na upepo ukivuma pale njia ya Himo inayumba kama mtu aliyetoka kunywa mbege. Nimeikumbuka Celica kila siku. Ila tangu ule usiku sijawahi kutamani kuirudisha. Mambo hayo mawili yanakaa ndani yangu pamoja na hayagombani.

Jumamosi iliyopita tulipanda kwa bibi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Pale kwenye mfongo nikasimama, nikaingiza gia ndogo, nikavuka taratibu huku mke wangu ameshikilia kiti cha mtoto kwa mkono mmoja. Vijana wale sita walikuwa wamekaa ukutani wanasubiri riziki. Waliponiona napita, mmoja akapiga kelele, "Kaka, umetuharibia biashara!"

Bibi alitoka. Alilizunguka gari lote bila haraka. Akafungua mlango wa nyuma, akaufunga. Akafungua mwingine, akaufunga. Akakata jani la sale pale mpakani na kulichomeka kwenye bampa iliyochubuka. Kwetu sale ni amani, ni kuombana radhi. Sikumwuliza nani anamwomba nani radhi, nikachukulia kuwa mimi nimesamehewa.

"Milango mingapi?" akauliza.

"Mitano, bibi, ukihesabu na wa nyuma."

"Basi nipelekeni Kilema. Sijamwona mdogo wangu mwaka wa pili huu."

Tukaenda. Bibi kiti cha nyuma karibu na wajina wake, mke wangu mbele kwa nafasi, magoti yamepumzika. Shangazi aliyekuwa anapita njiani akapanda. Mzee wa Land Rover naye akasema anafika mbele kidogo tu, na mbele kidogo ikawa Kilema yenyewe. Nyuma kulikuwa na mkungu wa mshare, jogoo aliyefungwa miguu, na galoni ya mbege iliyonifuta ile harufu ya mbwa moja kwa moja.

Hakuna aliyepiga saluti. Nilikuwa naendesha kilomita ishirini kwa saa, nyuma wanaongea Kichagga kwa sauti, jogoo analalamika, na mtoto amelala.